Nimeletewa magogo mabichi, patasi na kishikio cha taya nne bila kuomba. Nianzie wapi visiharibike?

KerezoChanga

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa haraka.

Mkerezaji mwenzetu amesikia najifunza kukereza mabakuli, akanishushia mzigo mlangoni. Malipo amekataa, kaniomba jambo moja tu: nisiyaache magogo yapasuke. Mzigo wenyewe ni huu:

- Magogo 4 mabichi, kipenyo kama sm 32, urefu kati ya sm 38 na 45. Yamekatwa juzi. Vichwa havijapakwa kitu.
- Patasi kuukuu 5. Mbili za mfereji mpana, moja ya mfereji mwembamba wenye kina, moja bapa yenye ncha ya mshazari, na moja inayofanana na tupa iliyonolewa.
- Kishikio cha taya nne, kile cha kubania mbao kwenye mashine. Taya zimetolewa na kufungwa kwenye kitambaa.
- Vipande 10 vya kutengenezea kalamu, mm 20 kwa 20 kwa 130. Sita ni mpingo, vinne ni mbao nyekundu nzito nisiyoijua.
- Kopo la mafuta ya kumalizia, limebaki nusu.

Mashine yangu inapokea kipenyo cha sm 30, spindeli (mhimili unaozunguka) ina thredi za M33×3.5, yaani kipenyo mm 33 na hatua mm 3.5.

Magogo nayahifadhije, maana siwezi kuyakereza yote wiki hii? Patasi zipi ni salama na kwa kazi gani? Nitajuaje kama kishikio kinaingia kwenye mashine? Halafu kuna mwenzangu nchi nyingine, naye anajifunza, na mbao kwake ni shida kupata. Ningependa naye apate fungu lake. Nimtumie nini, na kwa namna gani? Na huyu aliyenipa anarudishiwa nini?

---

VichwaVyaNyuzi

Hongera kwa mzigo. Patasi na chuma vinaweza kungoja hata mwaka, gogo bichi halingoji. Maji hutoka kwenye kichwa cha gogo, pale nyuzi zilipokatwa, kwa kasi mara 10 hadi 15 kuliko ubavuni. Kichwa kinakauka na kutaka kusinyaa, huku ndani bado kumejaa maji na hakujasinyaa hata kidogo. Kichwa hakina njia ila kupasuka. Kwa siku mbili bila kupakwa kitu, nyufa zipo tayari, hata kama huzioni.

Kata sm 2 na nusu kila kichwa. Halafu kata kipande chembamba, mm 4 au 5, kutoka kwenye kichwa kipya, kishike kwa mikono miwili ukikunje taratibu mbele ya mwanga. Nyufa zilizojificha zitafunguka kama midomo midogo. Zikionekana, kata sm 1 nyingine ujaribu tena. Kipande kikipinda bila kufunguka, umefika kwenye mbao nzima. Usiogope kupoteza urefu: hata lile gogo la sm 38 likipoteza sm 3 kila upande linabaki na sm 32, na mashine yako haizidi 30.

Siku hiyohiyo lipasue. Usikate mstari mmoja unaopita kwenye moyo wa gogo ukaridhika, kwa sababu moyo utabaki ukingoni mwa kila nusu na ufa utaanzia hapohapo. Chora mistari miwili sambamba, kila mmoja sm 2 na nusu kutoka moyoni. Kama kuna ufa uliokwishaanza moyoni, ligeuze gogo hadi ufa huo ulale ndani ya ubao wa katikati. Utapata nusu mbili zenye unene wa sm 13 hivi, zinatosha bakuli la kina, pamoja na ubao wa sm 5. Huo ubao wa katikati usiuchome. Toa ukanda wenye moyo, na pande zilizobaki zina nyuzi zilizosimama wima. Hizo ndizo mbao tulivu kuliko zote ndani ya gogo, nzuri kwa mipini ya patasi na visanduku vidogo.

Magogo 4 ni nusu 8. Zile usizoweza kukereza wiki hii, paka nta vichwani na ishuke sm 3 ubavuni. Nta iliyochanganywa na maji, ile inayouzwa kwa kuzibia mbao mbichi, ndiyo rahisi: pako moja zito, likikauka pako la pili. Nta ya mishumaa nayo inafaa, ila iyeyushie kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Rangi ya ukutani hupitisha unyevu mwingi. Ni bora kuliko kuacha wazi, basi.

Weka kivulini, juu ya fito, hewa ipite chini. Plastiki usiitumie kwa zaidi ya siku chache. Ukungu utaingia, na mbao nyeupe hupata madoa ya buluu ambayo msasa hauyatoi.

Sasa kukereza awamu ya kwanza, yaani kulitoa bakuli likiwa bado nene, likauke, ulimalizie baadaye. Kata duara la sm 28. Anza kwa kasi ndogo kabisa ya mashine, kwa sababu gogo bichi halijasawazika. Likishakuwa mviringo, zidisha kipenyo kwa sentimita na mizunguko kwa dakika: jibu libaki kati ya 15,000 na 23,000. Kwa sm 28 hiyo ni mizunguko 535 hadi 820, na kwa mbao mbichi baki chini. Ngao ya uso mzima, miwani pekee haitoshi.

Unene wa ukuta uwe asilimia 10 ya kipenyo, yaani mm 28, na kitako kiwe unene huohuo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha kitako cha mm 45 "kwa usalama", ukuta unakauka mapema, kitako bado kimelowa, bakuli linapasuka pale vinapokutana. Unene sawa kila mahali ni muhimu kuliko namba yenyewe.

Kishina cha kushikwa na taya kiache kikubwa. Mbao husinyaa kwa kufuata mizunguko ya gogo karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea moyoni, na kwa urefu wa nyuzi haisinyai kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo bakuli na kishina chake vyote vitakuwa yai. Ukiwa na taya za mm 50, acha kishina cha mm 60, ili kikikauka upate nyama ya kukirudisha kwenye duara.

Paka nta nje pote na kwenye mdomo, ndani acha wazi. Pima uzito, andika uzito na tarehe kwenye kitako kwa penseli. Pima kila wiki. Uzito ukikaa palepale wiki 3 mfululizo, limekauka kwa hewa ya mahali hapo. Tarajia miezi 4 hadi 8.

---

ChecheNyekundu

Nami nishike patasi, na naanza na ile inayovunja watu vidole.

Angalia zile mbili za mfereji mpana mahali chuma kinapoingia kwenye mpini. Kama chuma kipana kinachongoka ghafla na kuwa mkia mwembamba bapa, hizo ni za kupunguzia vijiti tu, yaani mbao ambayo nyuzi zake zinaelekea upande mmoja na mhimili wa mashine. Usiipeleke kwenye bakuli hata siku moja. Ndani ya bakuli nyuzi zinakuja ubavuni mara mbili kila mzunguko, patasi ikinaswa nguvu yote inaishia kwenye mkia ule, unakatika, na ubapa unaruka. Andika kwenye mpini sasa hivi: VIJITI TU. Siku ukimpa mtu mwingine, maandishi hayo yataenda nayo.

Ile ya mfereji mwembamba wenye kina, kama imetengenezwa kwa fimbo ya chuma ya mviringo inayoingia nzima kwenye mpini, ndiyo ya mabakuli. Hiyo peke yake ni zawadi kubwa.

Tupa iliyonolewa iweke kando ya kerezo kabisa. Chuma cha tupa ni kigumu mpaka ndani bila unyumbufu. Hakipindi, kinavunjika vipandevipande. Aliyekupa huenda aliipata hivyohivyo katika fungu la vyombo. Mwambie kwa upole, naye asije akampa mwingine.

Kujua aina ya chuma, gusa nyuma kidogo ya makali kwenye jiwe la mashine ukiwa mahali penye kiza. Cheche nyeupe au za njano zinazopasuka kama nyota ni chuma cha kaboni. Cheche nyekundu hafifu, chache, zisizopasuka ni HSS, chuma kinachostahimili joto. Tofauti hii inabadilisha namna ya kunoa. Chuma cha kaboni kikifika rangi ya buluu ugumu umekwenda, hapo huna budi kunoa hadi uipite buluu yote. Kinoe kwa mguso mwepesi ukichovya majini kila sekunde chache. HSS haiharibiki kwa buluu, na ikiwa ya moto sana usiichovye, kwa sababu kupoa ghafla huleta nyufa ndogo kwenye makali. Iache ipoe yenyewe.

Pembe za kuanzia: ya bakuli digrii 55 hadi 60, ya mfereji mpana 45, ile bapa ya mshazari pembe nzima ya makali 30 hadi 40.

Kutu kwa nje haina neno, futa kwa mafuta ya taa na sufi ya chuma. Kutu ndani ya mfereji ndiyo tatizo ambalo wengi hawalioni. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Uso wa chini unaunoa kila siku, uso wa juu ni mfereji wenyewe. Ukiwa na vishimo, makali yatatoka na meno hata unoe namna gani, na kila jino linaacha mstari kwenye bakuli. Viringisha msasa wa maji namba 400 kwenye kijiti cha mviringo, sugua sm 2 za mwisho za mfereji kwa urefu hadi ung'ae, kisha namba 600. Ndipo unoe.

Mwisho, vuta na upindishe kila mpini. Ukicheza, au pete ya shaba ikizunguka, tengeneza mpini mpya kwa ule ubao wa katikati ukishakauka.

---

Thredi_na_Taya

Kishikio. Usikijaribu kwa kukizungusha kwenye spindeli uone kama "kinakubali". Pima kwanza kwa kalipa.

Pima uwazi wa tundu kutoka kilele cha thredi hadi kilele cha upande wa pili. Ukipata karibu mm 29.2 ni M33×3.5. Karibu mm 22 ni ile ya inchi 1 yenye thredi 8 kwa inchi. Karibu mm 28.3 ni inchi 1 na robo, thredi 8. Unaona namba ya kwanza na ya tatu zilivyo jirani. Kishikio cha M33 huweza kuingia kwenye spindeli ya inchi 1 na robo kikilegea, kikazunguka vizuri kwa kasi ndogo, kikatoka na bakuli kwenye kasi kubwa. Kwa hiyo pima pia hatua: weka rula, hesabu hatua 8 za thredi. Zikifika mm 28 ni M33, zikifika mm 25.4 ni ya inchi.

Ukigundua si M33, chungulia kama kuna kikombe cha chuma cha kutolewa, kilichobanwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa. Vishikio vingi vina kikombe hicho, unabadilisha kikombe tu. Kama thredi zimechongwa kwenye mwili wenyewe, kuna kipande cha kuunganishia, ila kinasogeza kazi mbele sm kadhaa kutoka kwenye beringi na mtikisiko unaongezeka. Kwa mabakuli ya sm 28 singeshauri.

Kurudisha taya: kila mfereji una namba, na kila taya ina namba, 1 hadi 4. Zungusha gurudumu la ndani hadi ncha ya mzingo (ule mstari wa konokono unaosogeza taya) ionekane kwenye mfereji wa 1, irudishe nyuma kidogo tu, ingiza taya ya 1, zungusha hadi inaswe. Kisha 2, 3, 4 kwa mfuatano bila kuruka. Zikikutana katikati moja ikiwa nje, hiyo ilichelewa mzunguko mmoja. Toa zote uanze tena, usilazimishe. Kabla ya hapo piga brashi mzingo wote. Usipake grisi, vumbi litagandia na kuwa kama saruji; nta kavu inatosha.

Kishina kiwe na bega lililonyooka linalokaa juu ya taya, na urefu wake usiguse chini ya kishikio. Mm 8 zinatosha. Taya zikikaribia kufunga kabisa ndipo zinakuwa duara kamili, kwa hiyo bakuli kavu lenye taya za mm 50 lipewe kishina cha mm 50 hadi 55.

---

MfukoWaKaratasi

Natofautiana kidogo na VichwaVyaNyuzi kwenye nta. Mahali penye hewa kavu, sawa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mfuko wa karatasi unafanya kazi vizuri zaidi kwa bakuli lililokwisha kukerezwa: safu mbili wiki ya kwanza, kisha moja. Ila maranda mabichi usiyarudishe ndani ya mfuko, ukungu utaota.

Sasa mwenzako wa nchi nyingine. Hapa nia njema peke yake inaweza kuishia kwenye tanuri la forodha.

Mpingo usiutume ukiwa kipande. Jenasi yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017 (Dalbergia nigra iko Kiambatisho cha I, kali zaidi). Mwaka 2019 ililegezwa kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika, na kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena. Kipande cha mm 20 kwa 20 si bidhaa iliyokamilika, kinahitaji kibali. Kalamu iliyokwisha kutengenezwa iko ndani ya msamaha huo, ingawa sheria za nchi mbili zinazohusika bado zinabaki. Kwa hiyo ukitaka auguse mpingo, mkerezee kalamu. Mbao nyekundu usizozijua jina usizitume kabisa, maana fomu itauliza jina na huna la kuandika.

Kwa hiyo mpingo fanya wewe. Toboa kwa hatua za sm 1, toa keekee, futa unga, rudi. Joto ndilo linaloupasua, na mara nyingi unapasuka keekee inapokaribia kutokea upande wa pili, basi acha kipande kirefu kwa mm 10 na usitoboe hadi mwisho, kata ncha baadaye. Mpingo una mafuta yanayozuia gundi kushika, futa kwa asetoni dakika moja kabla ya kugundisha. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, FFP2 au zaidi: vumbi la mpingo na la jamaa zake huwasha ngozi na kifua, na mwili ukishaanza kulikataa, hali hiyo haiondoki.

Kopo la mafuta lisiende posta, linaweza kushika moto. Hata kwako, kitambaa kilichofuta mafuta ya kitani kitandaze nje kikauke au kitie majini. Kikikunjwa kwenye ndoo kinapata joto chenyewe hadi kuwaka.

Sanduku: usitumie kasha la mbao mbichi. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inataka vifungashio vya mbao nzima yenye unene unaozidi mm 6 viwe vimetibiwa kwa njia iliyokubaliwa, mara nyingi kupashwa joto la sentigredi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30, na kugongwa muhuri. Boksi la karatasi ngumu au plaiwudi haviguswi na kanuni hiyo. Gome lote litoke, nchi nyingi hulikataa au hudai cheti cha afya ya mimea. Angalia pia vitundu vya mm 1 au 2 vyenye unga laini kama wa ngano. Hiyo imebunguliwa, usimpelekee mtu wadudu. Bungua wa unga hula mbao nyeupe ya nje yenye wanga, kwa hiyo kuiondoa kunapunguza hatari sana.

Halafu uzito. Nusu ya gogo iliyokatwa duara la sm 28 kwa 13 ni kama lita 8 za mbao, karibu kilo 8 ikiwa mbichi, na nyingi ya hizo ni maji na maranda. Ikikerezwa awamu ya kwanza inabaki kama kilo 2 na nusu, ikikauka chini ya hapo. Mtumie bakuli la awamu ya kwanza lililokwisha kukauka. Umembebea kazi ngumu na miezi ya kungoja, naye anabaki na sehemu tamu. Lakini uliza kwanza mashine yake inapokea kipenyo gani na taya zake ni za ukubwa gani. Bakuli la sm 28 kwa mashine ya sm 25 ni pambo la rafu.

---

KerezoChanga

Asanteni sana wakuu. Majibu ya vipimo:

Tundu la kishikio ni mm 22, hatua 8 ni mm 25 na kitu. Kuna kikombe cha ndani na skrubu ndogo, lakini kikombe hakizunguki. Patasi pana zote mbili zina mkia bapa. Ya mfereji mwembamba ni fimbo nzima, cheche nyekundu. Magogo yote yamepasuliwa. Moja tu ndilo lililokuwa na nyufa zaidi ya sm 3.

Kikombe nikitoeje? Na mtoaji nimrudishie nini?

---

Thredi_na_Taya

Hakikisha skrubu ndogo umeitoa nje kabisa, usiilegeze tu. Na chungulia tundu lake kwa tochi, wakati mwingine kuna ya pili chini yake. Tia mafuta ya kupenya, acha usiku kucha. Pasha mwili wa kishikio kwa kipuliza joto hadi usiweze kuushika, kikombe kikiwa bado hakijapata joto hilo, halafu zungusha. Taya ziwe nje wakati huo. Usibane kwa koleo kwenye thredi, ukiziumiza hata kile kikombe hakitamfaa mtu mwingine mwenye spindeli ya inchi 1. Kitoe kizima, kitunze, yuko atakayekihitaji.

Kikombe kipya cha M33 kikishaingia, kishikio kikae bega kwa bega na spindeli bila mwanga kupita katikati. Chembe moja ya randa hapo, na bakuli zima linayumba.

---

VichwaVyaNyuzi

Kuhusu aliyekupa: fedha ameshakataa, usimrudie na bahasha. Mpelekee taarifa, na mapema. Picha ya vichwa vilivyopakwa nta ikimfikia wiki hii ina thamani kuliko bakuli likimfikia mwakani, kwa kuwa alichohofia ni kupasuka. Mwambie na lile gogo lililokuwa na nyufa, umepoteza sm ngapi. Mtu anayegawa mbao anahitaji kujua hilo ili safari ijayo apake nta palepale alipokata. Kopo dogo la nta na brashi vikae pamoja na msumeno wa mnyororo, kazi ni dakika 2 kwa gogo.

Na katika mabakuli 8, moja likikauka na kukamilika lirudi kwake. Chagua lenye nyuzi nzuri, si lile lililobaki. Patasi zake usiziuze wala kumpa mtu bila kumuuliza yeye kwanza.

Hayo unayoyagawa wewe, bandika karatasi kwenye kila kimoja: jina la mti, tarehe ya kukatwa, tarehe ya kukerezwa, uzito wa siku hiyo na wa leo, umepaka nini, kipenyo cha kishina, na kasoro unayoijua. Kasoro iandike hata kama ni ufa wa mm 5 uliojazwa gundi. Anayeipokea ataiweka mashine kwenye mizunguko 800 akiwa amesimama mbele yake. Kama hujui mbao ilitoka wapi, andika hivyo pia. Mbao kuukuu yenye rangi ya kijani iliyofifia huenda iliwahi kutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Hiyo haigawiwi, haikerezwi, wala haichomwi.

---

KisandukuNaKifuniko

Nyongeza ndogo. Kuna shirika la Marekani liitwalo Beads of Courage, huwapa watoto wenye maradhi mazito shanga moja kwa kila hatua ya matibabu, na wakerezaji hujitolea visanduku vya kuhifadhia shanga hizo. Ukifikia hatua ya visanduku, mbao iwe imekauka kabisa, la sivyo kifuniko kitakuwa yai na kukwama ndani ya mwezi. Pia achana na ule mkazo wa kifuniko kinachotoka kwa mlio ambao sisi tunaupenda. Kiachie nafasi ya nusu milimita pande zote na kishikio kinachoshikika, ili mtoto aliyedhoofika akifungue kwa mkono mmoja.

---

KerezoChanga

Kikombe kimetoka, thredi zake nzima. Picha za nta nimempelekea mtoaji.

Nusu 3 nimezikereza, mm 28 kila mahali, uzito umeandikwa. Nusu 3 ziko kivulini na nta. Zimebaki 2, kila moja sm 32 kwa 31, unene sm 13, moyo umetoka, vichwa vimepakwa mara mbili, upande mmoja wa ya pili una kifundo cha sm 3. Hizo mbili na kile kikombe cha inchi 1 thredi 8 ni vya yeyote anayejifunza na anayeweza kuvichukua kabla ya Jumamosi. Aniandikie kwa siri, aseme mashine yake inapokea kipenyo gani, nitazikata duara kwa kipimo chake kabla hajafika.